Mnyiri Mmoja Nimekuachia Wewe

Aberdeen, Uskochi
Ijumaa, baada ya Adhuhuri

Kwa Mama yangu, Bi Zakia,
Mkunazini, Unguja.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Shikamoo, Mama. Ninaandika huku nikiisikia "marahaba" yako kabla hujaitamka, ile unayoivuta kidogo mwishoni kama mtu anayefunga pazia. Magoti yanasemaje na zile ngazi zetu? Kaka Haji ameniambia dawa ya presha unaimeza kila siku, lakini Kaka hunipa habari hizo hata siku ambazo hajapita kwako, kwa hiyo ningependa kuzisikia kutoka kwako mwenyewe. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Kile kikohozi kilichokutia wasiwasi kimeondoka. Ninakula, ninalala, na ninasali kwa wakati, ijapokuwa majira haya wakati wenyewe una vituko: jua huchomoza watu wameshafika kazini na huzama kabla hawajatoka, na Adhuhuri na Alasiri zimekaribiana kama madirisha ya kichochoro chetu.

Nimechagua barua badala ya simu kwa makusudi. Katika simu mimi hukimbilia kukutuliza, nawe hukimbilia kunitoa wasiwasi, na mwisho wake hakuna aliyesema alichokusudia. Mara ya mwisho kadi yangu ya simu iliisha pabaya. Nimeyarudia mazungumzo yale mara nyingi kichwani, na nitayaandika hapa ili kama nimeyakumbuka vibaya unisahihishe.

"Zuwena, nimesikia umekuwa pweza."

"Nani kakwambia, Mama?"

"Niulize nani hajanambia."

"Ni picha tu, Mama. Mchezo wa kuchora."

"Pweza kwetu hupikwa kwa nazi. Mimi nimekuzaa binadamu."

Hapo ikakatika. Nilibaki na mkono wa simu sikioni, nikiendelea kukuita.

Siku ya pili yake nilimpigia Kaka Haji kuuliza habari ilifikaje huko. Alicheka hata akashindwa kusema. "Dada, huku ushakuwa maarufu! Fadhili, yule wa mtaani kwetu, kaiona picha yako kwenye mtandao huko London, kampigia mamaake, na mamaake unamjua. Sasa Bi Salha wa dirisha la pili kanisimamisha ananiuliza supu yako wauza kikombe bei gani."

"Supu gani?"

"Ya pweza, supu gani nyengine? Anasema kumbe hata Wazungu nao wanahitaji nguvu."

"Mwambie mimi sipiki supu, Haji. Nachora."

"Ntamwambia, lakini hatoamini. Supu ina maana zaidi."

Mengine aliyoyasema Bi Salha sitayaandika, kwa sababu barua hii inakwenda kwa mama yangu. Mimi mwenyewe nilicheka, Mama, nisikufiche. Lakini nilipoweka simu chini kicheko kilikwisha upesi, kwani lile neno lako la binadamu lilikuwa halijaondoka. Bi Salha na aamini atakavyo. Wewe ndiye ninayetaka unielewe, na ukishanielewa nina ombi kwako. Nitalifikia, niache kwanza nikueleze kwa utaratibu.

Unajua kazi yangu hapa ni kupanga nyaraka za zamani katika ghala la chuo, chini ya ardhi, mahali pasipo dirisha. Ni kazi ya heshima na ninaipenda, lakini ni kazi ya kimya. Katika majira yangu ya kwanza ya baridi nilipitisha siku nzima nzima bila kusikia jina langu. Wakati wa Idi ulinitumia ile pakiti ya hina, nikaikoroga kwa chai na ndimu kama unavyofanya wewe, nikajipaka mkono wa kushoto. Nilipofika kazini msimamizi wangu aliutazama akashtuka, akaniuliza kwa upole kama nimeungua, na kama nimekwenda hospitali. Nilimwambia ni pambo. Akaomba radhi mara nyingi hata ikawa mimi ndiye ninayemliwaza. Jioni ile nilianza kuchora. Nilikuwa sijachora tangu sekondari. Nilichora mikono tu, mikono yenye hina, ukurasa baada ya ukurasa, bila kujua ninaelekea wapi.

Msimamizi yule, nadhani kwa kutaka kufuta kosa lake, ndiye aliyenielekeza kwenye kikundi cha wachoraji wanaokutana kila Jumamosi mchana katika chumba cha juu cha maktaba ya mji. Hakuna aliye fundi. Wote wana kazi zao na kuchora ni kwa kujifurahisha tu. Ila wana desturi moja iliyonishangaza: kila mmoja amejichagulia mnyama, na anapojichora hujichora kwa umbo la mnyama huyo, akiwa na nguo zake, kazi yake na tabia zake. Mwenye kikundi ni Bibi Moira, muuguzi mstaafu wa umri wako, naye ni bundi. (Najua, Mama. Nilitamani kumwambia kwamba bundi kwetu akitua juu ya paa watu husoma dua ya kuepusha msiba, lakini ni mwanamke mwema sana, nikanyamaza.) Dereva wa basi aitwaye Callum ni nyegere. Yeye ndiye mcheshi wao. Mgeni akifika husimama, akataja jina lake, mnyama wake, na sababu yake.

Nilikuwa nimetayarisha ndege. Ndege ni rahisi: ametoka mbali, anakumbuka kiota, kila mtu ataelewa. Niliposimama, nikawatazama watu wale waliokuwa wakinisubiri kwa adabu, nikaona ndege yule si mimi, nimemvaa kwa ajili yao. Nikasema, "Jina langu ni Zuwena. Mimi ni pweza."

Callum akasema, "Hatujapata kuwa na mtu asiye na mifupa."

"Ndiyo maana ninaweza kupita popote," nikamjibu, nikajistaajabia kwa ujasiri wangu.

Wakacheka. Bibi Moira akaniuliza kwa nini hasa pweza, kwani sababu ni lazima itajwe. Niliwaambia kwamba kwetu nimemwona pweza akitolewa mwambani, akageuka rangi ya jiwe, kisha rangi ya mchanga, kisha rangi ya mkono uliomshika. Niliwaambia nami ni hivyo: kazini nina rangi moja, msikitini nyingine, na nikizungumza na mama yangu kwenye simu nina rangi ya mtu ambaye hasikii baridi kamwe. Walivutiwa sana na maneno hayo. Mimi nilirudi nyumbani nikiyatilia shaka. Yalikuwa yamekaa vizuri mno. Je, pweza huficha kitu anapogeuka rangi, au zile rangi zote ni zake kwa haki? Nikijibu kwamba zote ni zangu, nitakuwa nimejitetea. Nikijibu kwamba nimejificha, nitakuwa nimejionea huruma. Mpaka leo sijui jibu, na nimeanza kuona kwamba labda ndiyo sababu namchora tena na tena.

Sasa kuhusu lile lililokukera. Mama, sijidai kuwa mnyama, wala hakuna katika kikundi kile anayejidai hivyo. Ni kama watoto wa mtaani kwetu wanapojigawia mmoja nahodha na mwingine papa, isipokuwa hawa ni watu wazima, na mchezo wao hukaa kwenye karatasi. Nakumbuka pia Marehemu Baba alivyopenda nichore maua na majani tu, na kunionya juu ya kuchora chenye roho. Jambo hilo sikulipuuza. Nimesoma, nimeuliza, nimepata majibu mawili yanayopingana kutoka kwa watu wawili ninaowaheshimu. Kwa sasa pweza wangu amejitanda mtandio mpaka usoni, macho hayaonekani, na minyiri tu, ile mikono yake minane, ndiyo iliyo wazi. Huenda hilo ni jawabu la mtu mwoga anayetaka kuridhisha pande zote. Huenda pia ni adabu. Ukiwa na kauli juu yake, niambie, nami nitaisikiliza.

Na hapa nafika kwenye kumbukumbu ambayo wewe peke yako unaweza kuithibitisha.

Nilikuwa mdogo, sijaanza skuli, na ulikuwa umeitwa Jambiani kumpaka hina bi harusi wa upande wa Mama Mdogo Mwanaisha. Ulinichukua. Bi harusi alikuwa amekaa juu ya mkeka, mkono wake umelazwa juu ya mto, na wewe umeinama na ile njiti yako ya chelewa, uti wa ukuti wa mnazi. Mama Mdogo aliingia kutoka pwani, kanga zimelowa mpaka kiunoni, amekwenda kuchokoa pweza maji yalipokupwa. Akamtia pweza ndani ya beseni karibu na mlango. Alikuwa bado hai. Akaunyoosha mnyiri mmoja juu ya ukingo wa beseni, tukaziona zile duara zake za kunatia zikianza kubwa na kuzidi kupungua, zikipungua, hadi zikawa kama vichwa vya pini. Ninakukumbuka umesita. Hina ilikuwa inakaukia kwenye njiti.

Bi harusi akasema, "Bi Zakia, mkono wangu utaharibika!"

"Tulia, mwanangu. Nnatazama."

"Unatazama kitoweo?"

"Nnatazama kazi ya mtu mwengine," ulisema.

Kisha ukainama, na kutoka kwenye kifundo cha mkono wake ukashusha duara moja kubwa, ikafuata ndogo, na ndogo yake, zikateremka juu ya kidole cha kati hadi ukuchani. Wanawake wote chumbani waliacha kuimba wakaja kuangalia. Ndivyo ninavyokumbuka zilivyozaliwa zile ambazo mji mzima baadaye uliziita pete za Bi Zakia.

Je, ilikuwa hivyo? Au nimeitunga mwenyewe katika ghala lisilo na dirisha, kwa sababu nilihitaji iwe hivyo? Hoja hii inanifaa mno, na hoja inayonifaa mno mimi huiogopa. Kama ni kweli, basi pweza aliingia nyumbani kwetu kwa mkono wako, zamani sana kabla ya wangu, nami sijafanya ila kumfuata. Kama si kweli, na pete zilikuwepo kabla ya siku ile, niambie bila kunihurumia.

Lakini kuna jambo ambalo nina hakika nalo, kwa sababu nilikuwa mkubwa na nililisikia kwa masikio yangu. Wapakaji wengine wa hina walikuwa wakija nyumbani, wananywa kahawa, wanazunguka maneno, mpaka mmoja anathubutu: Bi Zakia, nipe ruhusa ya pete zako, nina harusi Chukwani. Nawe ulikuwa ukijibu jibu lilelile, kwa tabasamu lilelile: "Pete zangu haziendi harusini bila mimi." Na hawakuzichukua. Siku zote nimeona hilo ni jambo la ajabu katika mji wetu, ambamo mapishi, habari na hata vyungu huvuka vichochoro bila kubisha hodi: kwamba wanawake wale wote walikuwa na macho, wangeweza kuiga mchana kweupe, na hakuna aliyeiga bila idhini ya mwenyewe.

Nafika kwenye ombi.

Kikundi chetu kinatayarisha maonyesho madogo katika ukumbi wa maktaba, majira ya majani kuchipua yatakapoingia. Kila mmoja ataweka ukutani picha moja tu, ile anayotaka kujulikana kwayo. Ile aliyoiona Fadhili, ambayo kikundi kiliiweka mtandaoni, ilikuwa ya majaribio, ya wino mtupu. Kwa maonyesho nimechora pweza mkubwa, urefu wake unakaribia dari la chumba changu, na minyiri yake nimeijaza mapambo ya hina, nikitumia hina yako yenyewe kwenye karatasi. Nilijaribu maua. Nilijaribu majani ya mkungu. Nilijaribu yale mawimbi ya Kihindi yanayopendwa siku hizi. Yote yalikaa juu ya pweza kama nguo ya kuazima. Mwishowe, nikiwa peke yangu, nikashusha pete kwenye mnyiri mmoja, nikaona mnyama mzima ameamka. Nikaendelea.

Bibi Moira alipokuja kwangu kunywa chai aliiona. Alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akasema angetaka hiyo ndiyo ichapwe kwenye tangazo la maonyesho.

"Bado," nikamwambia. "Lazima niulize."

"Umuulize nani?"

"Mama yangu. Pete hizi ni zake."

Jumamosi iliyofuata aliwaambia wenzetu kwamba picha ya Pweza inasubiri ruhusa ya mama. Callum akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Hivi wewe una umri gani?"

"Hata ningekuwa bibi kizee ningeuliza."

"Na akikataa?"

"Basi haitatundikwa."

Nilidhani atanicheka. Alitikisa kichwa tu akasema angetamani na yeye awe na kitu cha mama yake ambacho kinahitaji ruhusa. Wamekubaliana kuniachia ukuta wa kati, mtupu, mpaka jibu lako lifike.

Mama, Kaka Haji ameniambia lile ambalo hukutaka nilijue: kwamba mikono inatetemeka, kwamba katika harusi ya binti wa jirani mstari ulikwenda upande, na ukampa njiti mpakaji mwengine bila neno, na tangu siku hiyo mkoba wako wa hina umeutundika nyuma ya mlango. Usimgombeze. Nilimbana mimi. Nilipoambiwa nilijiuliza kama ombi langu ni heshima au ni pupa: mwenye pete ameweka njiti chini, na binti yake aliyeondoka, ambaye hakutaka kujifunza kazi alipotakiwa, sasa anazinyooshea mkono. Nimelipima swali hilo kila upande. Siwezi kuapa kwamba hakuna pupa ndani yake. Ninachoweza kusema ni kwamba sikuzitaka pete peke yake. Nilitaka jibu lako lile, lile la harusini, libaki kuwa kweli.

Kwa hiyo, Mama, minyiri saba ya pweza wangu ina pete, na wa nane sijautia kitu. Nimeuchora kwenye karatasi ya peke yake, mstari wa nje tu, nao ndio huo uliokunjwa ndani ya barua hii. Umetokeza kwenye mtandio, umenyooka kidogo kama ule wa kwenye beseni. Ukipenda, utie pete zako. Tumia hina, tumia njiti yako ileile. Mkono ukitetemeka, uache utetemeke. Nimeutazama ukingo wa mnyiri wa pweza aliye hai, nami ninakumbuka vizuri kwamba haukuwa na mstari hata mmoja ulionyooka. Utakapourudisha nitauunganisha mahali pake, na maandishi ya ukutani yatasema pete ni za Bi Zakia wa Mkunazini, na kwamba zimekuja naye mwenyewe.

Ukiona haifai, urudishe mtupu. Sitauliza sababu. Pweza nitamweka chumbani kwangu, na ukutani nitaweka picha nyingine, bila ya kinyongo. Lakini nakuomba, kwa vyovyote iwavyo, usiwe umekasirika. Nikikosa ukuta nitaishi. Nikikosa radhi yako sijui nitaishi vipi.

Nina matumaini, Mama. Sijui kama nina haki ya kuwa nayo, ila asubuhi hii jua limechomoza kabla sijafika kazini, mara ya kwanza tangu baridi iingie, na nimelichukulia kuwa ni habari njema.

Nisalimie Kaka Haji, msema kweli asiyeweza kufunga mdomo, na mkewe anayekupikia uji. Nisalimie Mama Mdogo Mwanaisha wa Jambiani, umwambie pweza wake wa beseni bado anatembea. Bi Salha wa dirisha la pili mpe salamu nyingi, na umwambie supu imekwisha. Mpakaji yule uliyempa njiti, mpe salamu zangu pia; nimesikia alilia alipoipokea, na hilo limenifanya nimpende bila kumjua.

Karatasi ya mnyiri nimeikunja mara moja tu, katikati. Ifungue polepole.

Nimo mikononi mwako, mimi binti yako, binadamu uliyemzaa,

Zuwena